Daftari Lililoyagawa Malisho

Tarehe 13 Desemba 1968 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara. Ndani yake mlikuwa na malisho ya kufikirika, yaliyo wazi kwa yeyote mwenye ng'ombe. Kila mfugaji anapiga hesabu yake: nikiongeza ng'ombe mmoja, faida yote yangu, nyasi zikipungua, hasara yetu sote. Basi anaongeza mmoja, jirani naye anaongeza mmoja, mpaka panabaki vumbi. Kilichomsumbua Hardin hasa ni ongezeko la watu duniani. Ng'ombe aliwaazima tu kutoka kwa William Forster Lloyd, msomi wa Oxford aliyekwisha kuhadhiri habari hizo katika miaka ya 1830. Lakini wasomaji waliwashika ng'ombe, na kwa miaka mingi baadaye hapakuwa na ofisi ya maendeleo isiyojua kisa hicho.

Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili zilizokwenda pamoja. Moja iliweka utaratibu wa kuamua nani ni mwenye ardhi gani. Ya pili iliruhusu kundi la watu kumiliki ardhi kwa hati moja, kupitia wawakilishi waliowachagua. Ya pili ililengwa kwa wafugaji, hasa Wamasai wa Kajiado na Narok. Wabunge wa Nairobi hawakuhitaji kumsoma Hardin ili kufika pale alipofika, kwa sababu dhana kwamba malisho ya pamoja ni malisho yasiyo na mwenyewe ilikuwa imekaa katika ofisi za serikali tangu enzi za ukoloni. Dawa iliyoandikwa ilikuwa kuyapa malisho mipaka, na wenye malisho daftari.

Anayefuatilia historia ya Kajiado akitafuta kisa cha ng'ombe walioongezeka mpaka nyasi zikaisha hatakikuta kama Hardin alivyokisimulia. Atakuta nyasi zilizoishia kwenye karatasi.

Kajiado ni nchi ya mvua chache tena zenye upendeleo. Sehemu nyingi hupata kati ya milimita 300 na 800 kwa mwaka, masika na vuli vikijumlishwa, na mara nyingi wingu humwaga maji upande mmoja wa kilima na kuuacha wa pili mkavu. Mfugaji mwenye eneo dogo katika nchi ya namna hiyo anacheza kamari, hata eneo lenyewe liwe zuri vipi. Mwenye ruhusa ya kuhama anaweza kuifuata mvua iliponyesha.

Ruhusa hiyo haikuwa ya kila mpita njia. Wamasai walijigawa katika jumuiya za kimaeneo zinazoitwa iloshon: Ilkisongo kusini kuelekea Kilimanjaro, Ilkaputiei kwenye nyanda za Athi, Ilmatapato, Iloodokilani, Ilkeekonyokie na nyingine. Kila jumuiya ilikuwa na nchi yake, na mipaka ilijulikana kwa vilima, mabonde na mito. Mtu wa ndani alilisha popote katika nchi hiyo, ila kwa wakati wake. Mvua ziliponyesha, mifugo ilipelekwa kwenye mbuga zisizo na maji ya kudumu, wakati madimbwi bado yapo. Madimbwi yalipokauka, ilirudi hatua kwa hatua kuelekea kwenye visima, chemchemi na maeneo ya juu, ambako nyasi zilikuwa zimepumzishwa msimu mzima. Aliyeingiza ng'ombe kwenye malisho ya kiangazi kabla wazee hawajayafungua alitozwa faini. Karibu na maboma kulikuwa na kipande kilichotengwa, olopololi, kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu isiyoweza kutembea mbali. Nyasi zilikuwa za wote, lakini kisima kilikuwa na mwenyewe: aliyekichimba au ukoo wake ndio waliopanga zamu za kunywesha. Kwa kushika visima, wazee waliyashika na malisho yanayovizunguka.

Mgeni kutoka jumuiya nyingine, nchi yake ikikauka, aliomba. Alipitia kwa mkwe, kwa mtu wa rika lake au kwa rafiki aliyewahi kumpa ng'ombe, na wote wawili walijua kwamba ipo siku ombi litakuja kutoka upande wa pili.

Utaratibu kama huu si wa Wamasai peke yao. Huko Törbel, kijiji cha milimani nchini Uswisi, sheria iliyoandikwa mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupandisha mlimani ng'ombe wengi kuliko aliowalisha mwenyewe wakati wa baridi. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyekusanya mifano ya aina hiyo kutoka pande nyingi za dunia na kuichapisha katika kitabu cha mwaka 1990, alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009. Alionyesha kwamba Hardin alichanganya vitu viwili: malisho yasiyo na mwenyewe, na malisho yenye wenyewe wengi. Tuzo hiyo ilitolewa miaka 41 baada ya sheria za Nairobi, wakati ranchi nyingi za Kajiado zilikuwa zimekwisha kukatwa vipande.

Kabla ya sheria hizo za 1968, nchi yenyewe ilikuwa imeshapunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki, ikifuatana na homa ya mapafu ya ng'ombe, ndui na njaa. Wamasai huiita miaka hiyo emutai. Waingereza walikuta watu waliopungua na nyanda zilizokaa nusu tupu, wakahitimisha kwamba nyanda hizo hazina kazi. Kwa mkataba wa Agosti 1904, uliowekwa saini na Lenana na viongozi wengine, Wamasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa karibu na Naivasha na Nakuru. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini, huku wakiahidiwa kwamba maeneo hayo mawili yatabaki yao kwa muda wote watakaokuwepo duniani kama taifa. Ahadi hiyo haikumaliza miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Laikipia nako, na maelfu ya watu pamoja na malaki ya ng'ombe na kondoo wakaswagwa kwenda kusini kupitia njia za baridi na matope, ambako wengi walikufa.

Legalishu, kiongozi wa Wamasai wa Laikipia, na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913. Walishindwa kwa hoja ya ajabu: mahakama ilisema mikataba ilikuwa baina ya mataifa mawili, Wamasai wakihesabiwa kuwa taifa la kigeni chini ya ulinzi wa Mwingereza, na kwa hiyo mahakama za Mwingereza hazina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Walionyang'anywa ardhi kama watu wanaotawaliwa walinyimwa kesi kama wageni.

Hasara haikuwa ya ukubwa tu. Naivasha, Laikipia na miinuko ya jirani ndiyo iliyokuwa na nyasi na maji ya kiangazi. Waliobaki katika hifadhi ya kusini walikuwa na malisho mengi ya masika na machache ya kiangazi. Maofisa wa miaka ya 1930 waliojaza majalada kwa malalamiko kwamba Wamasai wana ng'ombe kupita kiasi walikuwa wakimlaumu mwenye mtungi kwa maji kuvuja, na tundu wametoboa wao. Aidha, karantini za mara kwa mara ziliwazuia wafugaji kuuza mifugo nje ya hifadhi, jambo lililowafaa sana walowezi waliouza nyama katika soko lilelile.

Miaka ya 1950 ilileta mipango. Ule wa R. J. M. Swynnerton, wa mwaka 1954, unakumbukwa zaidi kwa mashamba ya kahawa ya Waafrika huko Mkoa wa Kati, lakini ulikuwa na sehemu yake ya wafugaji: serikali itachimba visima virefu na malambo, na wafugaji watakubali kulisha kwa zamu na kupunguza mifugo. Nchi ya Ilkisongo ikawa moja ya maeneo ya majaribio. Watu walipokea maji kwa furaha na kuyasikiliza masharti kwa adabu. Kisha ukaja ukame wa 1960 na 1961, uliofuatwa na mafuriko, na sehemu kubwa ya ng'ombe wa Kajiado ikafa. Wachungaji walivuka mistari ya ramani wakitafuta nyasi, na mpango ukafia hapo. Hakuna mpango wa malisho uliowahi kuushinda ukame kwa kuwakataza watu kuhama.

Uhuru ulikuja na hofu mpya. Baadhi ya Wamasai wenye elimu na vyeo walianza kujikatia ranchi za kibinafsi, hasa upande wa Ilkaputiei, na katika sehemu zenye mvua wakulima kutoka nje walikuwa wakisogea. Wazee ambao baba zao walihamishwa mara mbili walihitaji kitu ambacho mahakama haingekitupa tena. Kwa wakati huohuo, tume ya mwaka 1965 na 1966 iliyoongozwa na J. C. D. Lawrence, iliyochunguza usajili wa ardhi Kenya, ilipendekeza kwamba katika nyanda kavu ardhi isajiliwe kwa vikundi. Huko ndiko zilikozaliwa ranchi za vikundi. Wataalamu waliona nyama nyingi zaidi kwa soko. Wafugaji waliona hati miliki. Walikubaliana kwa sababu mbili ambazo hazikuwahi kukutana.

Muundo ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Wakazi wa eneo wanasajiliwa kuwa wanachama, wanachagua wawakilishi kati ya watatu na kumi, na wawakilishi wanashika hati kwa niaba ya wote. Kamati inapanga malisho na kila mwanachama anawekewa idadi ya juu ya mifugo. Kwa fedha za Benki ya Dunia na za Sweden, kupitia Shirika la Fedha za Kilimo, ranchi inakopeshwa ili ijenge majosho ya kuua kupe, ichimbe visima na kununua madume bora. Madume yaliyopendwa zaidi ni ya Sahiwal, jamii ya ng'ombe kutoka Bara Hindi waliozalishwa katika kituo cha serikali cha Naivasha. Jambo hilo lingestahili kicheko kama lisingekuwa chungu: mfugaji wa Kajiado alinunua kwa mkopo dume lililonenepea nyasi za Naivasha.

Ilkaputiei ndio walioanza, na ranchi zao zilikuwa ndogo. Nyingi hazikuweza kubeba masika na kiangazi kwa pamoja. Ilkisongo walivutana na wataalamu mpaka wakapata kubwa zaidi, kama Olgulului, Mbirikani na Kuku. Hata hizo zilikuwa na tundu lake. Amboseli ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, vinamasi vyake, maji ya kiangazi ya watu wa Olgulului tangu zamani, vilibaki ndani ya mpaka wa serikali. Wafugaji waliahidiwa mabomba ya maji nje ya hifadhi. Mabomba yaliharibika mara kwa mara, na ng'ombe wakarudi kunywa pale walipokunywa baba zao.

Idadi ya juu ya mifugo haikutekelezwa popote kwa dhati. Ni mjumbe gani wa kamati angemwendea mkwe wake na kumwambia auze ng'ombe ishirini? Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika hesabu ya mkopo. Ng'ombe walibaki mali ya mtu mmoja mmoja, lakini deni lilikuwa la ranchi nzima. Mwenye ng'ombe mia tatu na mwenye kumi walitumia josho moja, na mdai alipokuja alikuta ardhi ya wote ndiyo rehani. Wadogo walijiuliza kwa nini wamlipie mkubwa dawa ya kupe. Wakubwa nao hawakuona sababu ya kuchangia zaidi.

Ukame wa 1973 hadi 1976 ulipofika, mipaka ya ranchi ilipuuzwa kama ile ya Swynnerton. Mifugo ilihama kwa ndugu, kwa marafiki na kwa wakwe, katika ranchi nyingine na hata ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Hapo utaratibu wa zamani ulionekana bado u hai, ukifanya kazi chini ya ule mpya.

Kisichoweza kupuuzwa kilikuwa daftari. Kabla ya 1968 hapakuwa na haja ya orodha. Kijana alipooa na kuanzisha boma lake alilisha kama baba yake, na kuwapo kwake hakukumpunguzia mtu kitu kinachohesabika. Daftari liligeuza hali hiyo. Lilisajili hasa wanaume wenye maboma. Wanawake waliachwa nje karibu kila mahali. Kila jina lilikuwa fungu, hata kama hakuna aliyelitamka neno hilo. Kisha watoto wakakua. Je, waandikwe? Mwenye wana watano wakubwa alitaka waandikwe wote leo. Mwenye wana wadogo alitaka lifungwe leo, maana kila jina jipya lilipunguza kile ambacho wanawe wangerithi. Ranchi moja iliandikisha vijana wa rika zima, ya jirani ikagoma, na watu wakaanza kushuku kwamba majina ya wageni na ya marafiki wa kamati yanaingizwa usiku.

Hapa ndipo hesabu ya Hardin ilipotimia, lakini kwa namna ambayo yeye hakuitaja. Watu walishindana kuongeza majina, wala si ng'ombe, na ushindani huo ulizaliwa na hati iliyotungwa ili kuuzuia. Kadiri daftari lilivyorefuka ndivyo kila aliyekuwamo alivyoona heri kugawana sasa kuliko baadaye. Hofu ya wakopeshaji kunadi ranchi ikaongezea, na pia hasira kwa wajumbe wa kamati waliojipimia ekari za kibinafsi mapema katika sehemu zenye maji. Katika miaka ya 1980 viongozi wa kitaifa, waliokwisha kuchoka na ranchi hizo, walianza kuunga mkono ugawaji hadharani. Kati ya ranchi za vikundi zipatazo 50 za Kajiado, nyingi zilipitisha azimio la kugawana kabla ya muongo huo kwisha.

Esther Mwangi, mtafiti Mkenya, alifuatilia ugawaji katika ranchi nne: Enkaroni, Meto, Nentanai na Torosei. Karibu wote aliozungumza nao walikuwa wameunga mkono kugawana, na wengi walidhani wangepata mafungu sawa, kwa kuwa hati ilikuwa moja na wanachama walikuwa sawa. Ramani zilipotoka, vipande vilitofautiana sana. Waliokaa kwenye kamati pamoja na jamaa na marafiki zao walipata vikubwa. Kamati ndiyo iliyokuwa na mpima ardhi, na mwanachama wa kawaida alikijua kipande chake pale tu alipoonyeshwa vigingi. Baadhi walikata rufaa, wakapanda ngazi za wilaya na wizara, na wachache wakafanikiwa. Wengine walikuta pahali walipokaa miaka ishirini pameandikwa jina la mtu mwingine.

Hakuna mahali palipoonja matokeo upesi kama Kitengela. Ranchi yake ya kikundi ilikuwa na takriban hekta 18,000, mkabala na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama zaidi ya 200. Kwa wastani kila mmoja alipata hekta zaidi ya 80, eneo ambalo mkulima wa Kisii angeliona ni mkoa mzima na ambalo mfugaji wa Kitengela hawezi kuwaweka ng'ombe wake mwaka mzima. Mji wa Nairobi ulikuwa unakuja mbio. Eneo la viwanda vya kuuza nje lilifunguliwa Athi River mwaka 1990, vibarua wakahitaji vyumba, na madalali wakaanza kupita bomani. Ardhi iliuzwa kwa ada ya shule, kwa hospitali, kwa arusi, na nyingine kwa bei ambayo muuzaji aliijutia mwaka uliofuata alipoona jirani yake analipwa mara tatu. Ekari ikawa ploti, ploti ikawa nyumba ya ghorofa. Machimbo ya mawe yakafuata, kisha seng'enge, na seng'enge ya mtu mmoja ilimfungia njia hata jirani aliyekataa kuuza.

Wanyamapori walitoa takwimu ambazo ng'ombe, wanaoweza kuhamishwa kwa lori, hawawezi kuzitoa wazi namna hiyo. Nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei, waliokuwa wakitoka katika hifadhi ya Nairobi mvua zinaponyesha na kurudi kiangazi, walikaribia 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada ya mwaka 2010 walihesabiwa chini ya 3,000. Njia yao na njia ya ng'ombe ilikuwa ileile.

Mwaka 2000 wahifadhi walianza kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio, wasilime wala kuuza. Malipo yalipangwa yafike shule zinapofunguliwa, na kina mama wengi waliyapenda kwa sababu hiyo. Lakini tusidanganyane: dola 4 haziwezi kushindana na dalali mwenye mamilioni mkononi. Mpango huo ulipunguza mwendo wa uuzaji bila kuusimamisha. Kila ukame mkubwa, wakazi wa Nairobi huona wachungaji wa Kimasai wakipitisha ng'ombe kando ya barabara za Karen na Lang'ata, na magazeti hushangaa upya. Ukingo wa barabara ni miongoni mwa sehemu chache za jiji zenye nyasi na zisizo na lango.

Mbali na jiji mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mwangi na mwenzake Shauna BurnSilver walikuta kwamba wafugaji waliokwisha kupata hati zao hawakubaki ndani ya vipande vyao. Waliendelea kuhamisha mifugo na kubadilishana malisho: wewe leta wako kwangu masika hii, nami nitaleta kwako kiangazi. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Zamani haki ilitokana na kuwa mtu wa olosho, yaani mmojawapo wa iloshon. Sasa inategemea kujuana: ndugu, mkwe, mtu wa rika, au siku hizi malipo ya fedha. Mwenye jamaa wengi ana malisho mapana. Mjane mwenye ng'ombe wanne na kipande kimoja kikavu hana wa kubadilishana naye.

Huko Kimana, chini ya Kilimanjaro, ranchi iligawanywa vipande vya ekari 60. Palipo na maji, watu walikodisha kwa wakulima wa nyanya na vitunguu. Kwingine, majirani waliunganisha vipande vyao tena, safari hii kwa mikataba ya hifadhi ndogo za jamii, Osupuko na Kilitome zikiwamo, wakikubali kutojenga uzio na kulipwa kwa hilo. Hati za kibinafsi zilibaki mfukoni, na ng'ombe na tembo wakaendelea kupita juu yake.

Olkiramatian, magharibi mwa Magadi, inaonyesha kwamba hati ya kikundi yenyewe haikuwa sumu kila mahali. Ni nchi ya joto kali chini ya miteremko ya Nguruman, mbali na madalali. Ranchi hiyo iliendelea kufuata misimu miwili. Mvua zikinyesha, watu na mifugo wanakaa upande wa mashariki, na nyasi za magharibi karibu na mto Ewaso Ng'iro zinaachwa zikue. Kamati ya malisho ndiyo inayosema lini upande wa mto ufunguliwe, na wanaotangulia hutozwa. Simba na pundamilia hutumia eneo hilo lililopumzishwa, na watalii huwafuata, kwa hiyo kuna mapato pia ya kuwashawishi wanaosita. Hata hivyo wanahama hasa kwa ajili ya ng'ombe. Ranchi ilikuwa na upana wa kutosha kubeba misimu yote miwili, na hilo lilisaidia kuliko warsha yoyote.

Tanzania ilipita njia nyingine. Huko ardhi ni ya umma na kijiji ndicho kinachosimamia, hivyo tatizo likawa kwamba malisho huvuka mipaka ya vijiji. Vijiji vya Usukuma vilikuwa na ngitili, malisho ya akiba yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Mengi yalipotea watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, na yakaanza kurudishwa kwa maelfu ya hekta kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na kutenga malisho ya pamoja yaliyopewa jina la OLENGAPA, yakisimamiwa na chama cha wafugaji wa vijiji vyote vitatu.

Kenya iliifuta ile sheria ya pili ya 1968 miaka 48 baadaye. Katiba ya 2010 ilikwisha kutambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikazitaka ranchi za vikundi zijisajili upya kama jamii. Wawakilishi wachache hawashiki tena hati kwa niaba ya wengine: uamuzi wa juu uko kwa mkutano wa watu wazima wote wa jamii, nao huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Wanawake wamo, pamoja na walioolewa kutoka nje, na vijana hawasubiri tena baba zao wakubaliane. Il Ngwesi na Musul, zote za Laikipia, nchi ambayo Legalishu aliipoteza, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kupata hati chini ya sheria hiyo.

Kuigeuza ardhi ya jamii kuwa ya mtu binafsi kunahitaji kura ya theluthi mbili ya mkutano huo. Ni kinga nzuri dhidi ya kamati zenye pupa. Lakini theluthi mbili zinahitajika pia kwa mikataba halali na wawekezaji ambayo jamii yenyewe inaitaka, na wanaohesabiwa ni wafugaji. Ikifika Septemba, vijana wameshahama na mifugo, wengine wako mjini kwenye kazi za ulinzi, na wazee waliokuja barazani mara nyingi hawatoshi kutimiza akidi.